Akaunti ya mzee wetu wa zeze imefungwa ghafla na kosa hatujaambiwa. Nani kaifunga?

#1 Mjukuu_wa_Bahi
Wakuu, habari za jioni.

Baba yangu mdogo anapiga zeze na ilimba (ile marimba ya vidole gumba), yuko Bahi. Kundi lao lina watu tisa, watano ni akina mama wa ng'oma za muheme. Mimi niko Majengo hapa Dodoma mjini, na ndiye ninayemshikia akaunti yake kwenye ule mtandao wa picha tangu 2020 (sitautaja, nimeshakuwa mwoga). Ilikuwa imefika wafuasi elfu arobaini na moja na kitu.

Jumanne asubuhi nataka kupandisha kipande cha harusi tuliyopiga Mundemu, nakuta nimetolewa nje. Nikiingia upya yanakuja maandishi mistari miwili: akaunti imesimamishwa kwa kutofuata miongozo ya jamii. Mwongozo upi, video ipi, ya lini, hakuna. Kuna kitufe cha kukata rufaa. Nimekibonyeza, kikaniambia asante.

Wafuasi watatafutwa tena. Shida ni kwamba kazi zote zinaingilia mle. Kuna dada alishaulizia bei ya sendofu ya Desemba huko Kisasa, tumeelewana mpaka nauli ya kundi, na kila kitu kiko kwenye meseji za mle ndani. Namba yake sina, jina lake halisi silijui. Yeye atadhani tumemtoroka.

Mzee kaniuliza, "Umewakosea nini hao watu?" Sina jibu. Mwenye kujua anisaidie: nani hasa hufunga akaunti namna hii, na kwa nini hasemi?

#2 ZabibuKavu
Pole sana mkuu. Naweka kigoda hapa.

#3 Kaka_Nkuhungu
TCRA hao, mamlaka ya mawasiliano. Fungeni uzi.

#4 Mwl_Kongwa
#3, TCRA imekukosea nini? Tuweke mambo sawa. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitoka 2018, zikafutwa na kuandikwa upya 2020. Zinagusa leseni, televisheni za mtandaoni na maudhui yaliyokatazwa, na mamlaka inaweza kumwagiza mtu aondoe kitu. Kuzuia nako tumeshaona kunavyokuwa: Mei 2025 mtandao wa X (Twitter ya zamani) ulizimika nchi nzima, hata wasio na akaunti walijua. Lakini kuingia kwenye mitambo ya kampuni ya Marekani na kuchomoa akaunti moja ya mpiga zeze wa Bahi, ufunguo huo hawana. Wanaweza kuomba, na mwenye mtandao akakubali au akakataa.

Mleta uzi, mmewahi kuitwa au kuandikiwa barua na yeyote?

#5 Mjukuu_wa_Bahi
Hakuna barua wala simu. Nyimbo za mzee ni za mvua, ng'ombe na mashemeji wachoyo.

#6 Kaka_Nkuhungu
Mwalimu, 2018 si BASATA, baraza la sanaa, walifungia nyimbo kibao? Usinitoe kwenye reli.

#7 Mwl_Kongwa
Walifungia nyimbo zisipigwe, na Desemba mwaka huo wakawasimamisha Diamond na Rayvanny wasipande jukwaani. Kufungia wimbo ni jambo moja, kufuta akaunti ni jingine. Reli bado uko juu yake, ila umepanda treni ya Kigoma.

#8 Mlenda_Mbichi
Mimi nauliza kizamani. Kundini hakuna mtu aliyetoka kwa hasira?

#9 Mjukuu_wa_Bahi
Yupo. Kijana wa kayamba. Alitoka mwezi wa nane, ugomvi wa mgao wa harusi moja. Akaondoka akisema "tutaona". Lakini ni shemeji yetu huyo.

#10 Mlenda_Mbichi
Basi ndiyo mnaona, hahaha. Na nyimbo za mashemeji wachoyo mnaimba wenyewe! Shemeji kakusanya wenzake ishirini kijiweni, kawanunulia bando, wanabonyeza ripoti mpaka magharibi.

#11 FundiSimu_Majengo
Hii ya kuripotiwa kwa wingi kila mtu anaiamini. Instagram, kwa mfano, wameandika wazi kwamba idadi ya ripoti haiamui kitu, iwe moja au mia. Sasa ukiniuliza mimi mwenye meza ya simu mwaka wa tisa huu, nimeletewa wateja watatu waliofungiwa siku mbili tatu baada ya kugombana na mtu. Labda watu mia wakibonyeza, mashine inaangalia mara mia, na mara ya mia na moja inakosea. Sina ushahidi, nina wateja tu.

Halafu kuna hitilafu tupu. Tarehe 31 Oktoba 2022 watu sehemu nyingi duniani walifungua Instagram wakaambiwa wamesimamishwa, wengine wafuasi wakapukutika kama maua ya mwembe. Siku hiyo hiyo kampuni ikakiri ni hitilafu yake, mambo yakarudi. Ila ya mleta uzi ingekuwa hivyo tungekuwa tumewasikia wengi. Leo nani mwingine analia humu?

#12 ZabibuKavu
Mimi nalia ila ni kwa sababu ya kodi ya nyumba.

#13 BintiKondoa
Nina kisa. Nilikuwa mhazini wa kwaya, nikatwishwa na ukurasa wa kwaya. Siku moja mtandao ukauliza tarehe ya kuzaliwa. Nikajiuliza, ya nani? Ya kwaya! Nikaandika siku tuliyozinduliwa, mwezi wa sita 2012. Kubonyeza tu, giza. Tukaambiwa tuko chini ya miaka 13, hatuna ruhusa ya kuwa na akaunti. Kwaya ya watu wazima thelathini na wawili, mwenyekiti ana wajukuu, tumefungiwa kwa utoto.

Tulituma kitambulisho cha mwenyekiti. Wiki tano ikarudi, bila pole. Mleta uzi, kumbuka uliandika nini pale kwenye umri.

#14 Mlenda_Mbichi
"Tumefungiwa kwa utoto." Nimemwaga chai.

#15 Mjukuu_wa_Bahi
Niliandika ya mzee kama ilivyo kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, 1 Julai 1958. Siku yenyewe haijui, anachojua ni kwamba mvua zilikuwa zimegoma. Ukisoma vitambulisho vya wazee kijijini kwetu, nusu yao walizaliwa tarehe 1 Julai. Sijui wakunga walimudu vipi.

#16 Prodyuza_AreaC
Hamjagusa hakimiliki, na mimi ndiko ninakoshuku. Chukueni YouTube, maana taratibu zake ziko wazi. Kuna mfumo wa Content ID: mwenye haki akishasajili sauti, mashine inasikiliza kila video inayopandishwa na kukamata inayofanana. Hiyo ni moja. Kuna na maonyo ya hakimiliki: ukikusanya matatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kwenda na maji. Wakubwa nao yamewakuta. Uno ya Harmonize iliwahi kushushwa YouTube baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kulalamikia biti.

Kwa mzee wa zeze mambo yanaweza kugeuka, akakamatwa kwa sauti yake mwenyewe. Anakuja kijana na kinasa sauti, anamrekodi, anakata sekunde nane, anatia ngoma chini, anapeleka kwa wasambazaji wa muziki mtandaoni. Machoni pa mashine, aliyesajili ndiye mwenye mali. Mzee akipandisha zeze alilolipiga tangu ujana, anaonekana mwizi.

Kuna mtu amewahi kumrekodi?

#17 Mjukuu_wa_Bahi
Yupo, 2022. Vijana watatu kutoka Dar walikaa siku mbili. Wimbo wao ulipotoka niliusikia nikiwa kwenye daladala ya Nkuhungu, zeze la mzee linalia mle mwanzo mpaka mwisho. Nilifurahi, nikamwambia konda aongeze sauti.

#18 Prodyuza_AreaC
Na mkataba?

#19 Mjukuu_wa_Bahi
Elfu hamsini na fulana.

#20 Kaka_Nkuhungu
Fulana ilikuwa na saini?

#21 MzeeWaJamatini
Vijana mnacheka, lakini sauti za huku kwetu zimetembea dunia kabla hamjazaliwa. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Doma huko, alifika mpaka kwenye lebo ya Peter Gabriel ya Uingereza, Real World, kwa zeze na ilimba hizi hizi. Jina lake likaandikwa juu ya kasha. Alifariki 2001 kama sijakosea. Huyo mzee wa Bahi apelekwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, akasajili kazi zake kabla ya kuhangaika na vitufe vya rufaa.

#22 Mwl_Kongwa
Shikamoo mzee. Ni mwisho wa 2003. Na alikuwa amekaa sana Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa, kwa hiyo alikuwa na watu wa kumsomea karatasi. Mzee wa Bahi ana mleta uzi mmoja na konda.

#23 MzeeWaJamatini
Marahaba. 2003 basi. Kichwa kimekuwa chekecheke.

#24 Mjukuu_wa_Bahi
Hahaha mwalimu. COSOTA nimeipokea, asante mzee wangu.

#25 Pori_kwa_Pori
Nimesoma kimya tangu juu. Swali moja: mle mlikuwa mnatangaza kuuza chochote?

#26 Mjukuu_wa_Bahi
Mazeze tu mkuu. Mzee anachonga mwenyewe, kibuyu anakikausha miezi. La ngozi ya mbuzi elfu themanini, la ngozi ya kenge laki na ishirini. La kenge sauti yake inakwenda mbali zaidi.

#27 Pori_kwa_Pori
Nilijua. Mimi ni mstaafu wa wanyamapori, siandiki tena maelezo ya mtu, kwa hiyo nisikilizeni kama jirani. Kenge wote, wa kwetu na wa kwingine, wako kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Mitandao mikubwa inakataza kuuza viungo vya wanyama wa aina hiyo, na mashine zake zinasoma maneno na picha. Hapa nyumbani kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009: ngozi ya mnyamapori ni nyara, na ukiwa na nyara bila kibali hujielezi kwa wajukuu, unajieleza kituoni. Wewe umeweka picha, umeweka bei, na bila shaka umeweka na namba ya kulipia.

#28 Mjukuu_wa_Bahi
Niliweka...

Ila mzee anasema yule kenge aliingia bandani kula mayai ya kuku.

#29 Pori_kwa_Pori
Katika kazi yangu yote, kila kenge niliyemkuta mikononi mwa mtu alikuwa amekula mayai.

#30 Mlenda_Mbichi
Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, sasa huyu wa kwenu kaingia msafara wa wafuasi elfu arobaini. NIMEKUFA.

#31 BintiKondoa
Mimi namuunga mkono #27, hii ndiyo ya kwanza iliyonishawishi. Lakini tangazo lilikuwa la lini?

#32 Mjukuu_wa_Bahi
2023, mara moja tu, tukauza mawili. Ndiyo maana sielewi. Miaka yote hiyo hawakuona?

#33 FundiSimu_Majengo
Mashine zikibadilishwa huwa zinarudi kupekua ya zamani. Nimemwona mtu akifutiwa picha ya mwaka juzi ya bunduki ya mwanasesere. Lakini pia usisahau akina mama wa muheme: ng'oma iko katikati ya mapaja, kamera iko chini, mikono inakwenda kasi. Sisi tunaona ngoma. Mashine iliyofundishwa mbali huko sijui inaona nini.

#34 MzeeWaJamatini
Astaghfirullah. Ngoma ya mama zetu hiyo.

#35 FundiSimu_Majengo
Shikamoo mzee, mimi simo. Namsemea mashine.

#36 Hosteli_Ngongona
Samahani nachelewa, tuko kwenye mitihani. Jamani mbona hakuna aliyeuliza la kwanza kabisa? Nani mwingine ana paswedi ya hiyo akaunti? Na wiki hizi hamkupata meseji ya kutisha, "akaunti itafutwa ndani ya saa 24, jaza fomu"?

#37 Mjukuu_wa_Bahi
Paswedi ninayo mimi na binamu yangu wa Chang'ombe, yeye hujibu maoni nikiwa kazini. Ngoja nimuulize.

#38 Mjukuu_wa_Bahi
Wakuu nimetoka kumuuliza. Kwanza alikataa. Halafu akauliza kama nimekasirika. Halafu akasema ilikuja Ijumaa, yenye nembo kabisa, inasema tumekiuka hakimiliki tuthibitishe umiliki. Akajaza paswedi. Ikaja namba ya tarakimu sita, akaijaza na hiyo. "Si walisema tusipojaza tutafungiwa?"

#39 Hosteli_Ngongona
Hapo sasa. Wadukuzi wanaingia, wanatumia akaunti kutapeli watu, mtandao unaiona inatapeli, unaifunga. Unaadhibiwa kwa kosa la aliyekuibia. Chaneli ya YouTube ya Diamond Platnumz ilipodukuliwa Februari 2022 ilirushwa live isiyo yake, chaneli ikaondolewa, baadaye ikarudishwa. Yeye ana jeshi la wanasheria. Uliona kitu kigeni mle kabla ya Jumanne? Matangazo ya sarafu za mtandaoni, meseji ambazo hukutuma?

#40 Mjukuu_wa_Bahi
Sikuona. Jumatatu usiku nilikuwa mle, kila kitu sawa. Maoni ya mwisho yalikuwa ya mtu anaomba mzee ampigie babu yake msibani.

#41 Prodyuza_AreaC
Kwa hiyo wadukuzi waliingia Ijumaa wakakaa kimya mpaka Jumanne? Hainiingii. Narudi kwenye fulana.

#42 FundiSimu_Majengo
Namba ya tarakimu sita ilikuja kwa laini ipi? Na laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani?

#43 Mjukuu_wa_Bahi
Laini ya kundi. Tuliisajili ule wakati wa alama za vidole, Januari 2020 watu wamepanga foleni mwisho ule. Vidole vya mzee mashine ilivikataa, vimelika na jembe. Ikabidi asajili mtu mwingine.

#44 FundiSimu_Majengo
Nani?

#45 Mjukuu_wa_Bahi
Shemeji. Yule wa kayamba.

#46 Mlenda_Mbichi
SI NILISEMA #8. Nidaiwe nini sasa?

#47 Kaka_Nkuhungu
Naondoa kauli yangu ya TCRA. Ni shemeji. Funga uzi.

#48 BintiKondoa
Taratibu. Mwenye laini angetaka, angeichukua akaunti iwe yake, ale harusi za Desemba. Kwa nini aifunge?

#49 Mlenda_Mbichi
Wivu haupigi hesabu dada.

#50 Mjukuu_wa_Bahi
Taarifa ya leo. Rufaa imejibu! Wanataka picha ya mwenye akaunti ameshika karatasi yenye namba waliyonitumia, jina lake na jina la akaunti, vyote vimeandikwa kwa mkono.

Nimepanda gari mpaka Bahi. Mzee kavaa kanzu, kakaa chini ya mkwaju, kashika karatasi kwa mikono miwili kama mtu wa picha ya pasipoti. Ya kwanza kaigeuza juu chini. Ya pili upepo. Ya tatu kuku kapita. Ya nne imetoka safi, namba zinasomeka, uso unaonekana. Nimeituma palepale barabarani ambako mtandao unashika.

Jibu limekuja baada ya dakika kumi na moja. Hapana. Jina kwenye karatasi halilingani na la akaunti. Akaunti ina jina lake la uzeze, karatasi ina la NIDA kama walivyoomba wenyewe.

#51 Mwl_Kongwa
Dakika kumi na moja, hiyo hakuna binadamu aliyesoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina kifungu kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake, mtu anaweza kuyapinga. Tume ipo. Andika malalamiko.

#52 Hosteli_Ngongona
Mwalimu, malalamiko sawa, ila kampuni haina hata kibanda Nyerere Square. Nani atapelekewa wito? Zamani machapisho ya Kiswahili ya Facebook yalikaguliwa na watu waliokaa Nairobi, chini ya kampuni ya Sama.

#53 Mwl_Kongwa
Sama waliacha kazi hiyo 2023, na wakaguzi zaidi ya 180 wakaenda mahakamani Kenya. Na hao wangekuwepo bado, Cigogo wangekisikia? Mzee anaimba Cigogo.

#54 ZabibuKavu
Muda wa rufaa ni siku 30 tu, mleta uzi usilale.

#55 FundiSimu_Majengo
Ilikuwa 30. Sijui mtandao wako ni upi, ila Instagram siku hizi wanaandika siku 180. Tuma tena, safari hii majina yote mawili kwenye karatasi moja. Na kwanza mpeleke mzee akasajili laini kwa jina lake, waombe wajaribu kidole gumba cha kushoto. Wakulima wengi kile huwa kimesalimika.

#56 Mjukuu_wa_Bahi
Asanteni wote. Kidole gumba cha kushoto kimekubali! Laini mpya iko kwa jina la mzee. Akaunti bado giza, rufaa ya pili haijajibiwa, zimebaki siku 158. Shemeji nimempigia, anaapa hajui lolote, na ameuliza kama nafasi ya kayamba bado iko wazi. Vijana wa fulana hawapokei. Binamu kanyang'anywa paswedi zote.

Dada wa sendofu bado sijampata. Kama uko humu, tulielewana laki nne na nusu na nauli juu yenu. Mzee bado anakuja.

Yeye mwenyewe ameniuliza swali moja tu, hao elfu arobaini na moja kwa sasa wamekaa wapi. Nikamwambia wapo, ila hawatuoni. Akachukua zeze akaenda kukaza uzi.

#57 Kaka_Nkuhungu
Zeze la mbuzi bado elfu themanini?

#58 Mjukuu_wa_Bahi
Bado. Nitaliacha kwenye meza ya FundiSimu Jumamosi. La kenge msiulize, #27 anasoma.

#59 Pori_kwa_Pori
Nasoma.